Mbwa Aliyeitwa Umeridhika

Asubuhi aliyokufa mbwa Simba ndiyo asubuhi Mama Festo alipokanyaga ua wa Ambrosi kwa mara ya mwisho. Alikuja kama alivyozoea, kanga kiunoni, bakuli la makombo ya mbwa mkononi, akisalimia "Mwangaluka!" kabla hajafika. Alimkuta Ambrosi amepiga magoti nyuma ya jiko. Mbwa alikuwa amelala ubavu, damu imemtoka puani na kwenye ufizi, na nzi walikwisha kujaa.

"Maskini! Kapatwa na nini, Baba Theodora?"

Ambrosi alikuwa akilitazama lile bakuli. Juzi yake tu alimwona jirani huyu dukani akinunua sumu ya panya, maana panya walikuwa wakimmalizia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, alivyokuwa akiviuza pale njia panda ya Isevya. Ambrosi akaunganisha mambo. Akainuka, akamshika mwanamke wa watu mkono, akamtoa mpaka barabarani, na pale mbele ya vijana wa bodaboda na watoto waliokuwa wakienda shule akapaza sauti.

"Huyu ndiye kamuua mbwa wangu! Mtazameni vizuri! Anayemlisha mbwa sumu, nyinyi atashindwa kuwalisha?"

Mama Festo aliyamwaga makombo mtaroni, akaenda kwake.

Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyofanya kazi. Watu hawakuacha kumsalimia; waliacha kununua. Mteja alisimama, akayashika matobolwa, akayageuzageuza, kisha akakumbuka kuwa ana haraka. Kabla ya mvua kuanza Mama Festo aliikunja meza yake.

Ambrosi naye akachukua mbwa mwingine nyumba ile ile alikomtoa Simba, upande wa Kwihara, mtoto wa mama yule yule. Mtaani kwao mtu akiwa na neno na jirani yake hamfuati kumwambia. Humpa mbwa lile neno liwe jina, kisha akawa anamwita mbwa. Ambrosi akamwita wake Umeridhika. Kila jioni alisimama karibu na uzio wa mabua.

"Umeridhika! Umeridhika wee! Njoo ule!"

Ng'ambo ya uzio vyombo viliacha kulia.

"Baba Theodora, jina hilo linaniunguza mimi," mkewe Advera alimwambia siku moja.

"Wewe linakuhusu nini? Mwenye nalo analijua."

Mwaka uliofuata Umeridhika alijikata mguu kwa kipande cha bati. Jeraha lilikuwa dogo, lakini damu ilitoka mchana kutwa, ikagoma kukatika. Ambrosi alimfunga kwa shuka, akampakia kwenye bajaji hadi kwa Daktari Najiat, mganga wa mifugo. Njiani alikuwa na furaha fulani ndani yake. Hiyo furaha ndiyo inayomchoma zaidi leo.

"Kalishwa sumu tena, daktari. Namjua aliyemlisha. Nipe ushahidi, niende kwa mtendaji wa kata."

Daktari Najiat alimfunga mbwa jeraha, akamchoma sindano, akasubiri. "Pole pole, mzee wangu. Nitamchunguza sumu, lakini damu ya namna hii inaweza kuwa ya kuzaliwa nayo. Tumpime na vinasaba."

"Mpime vyote," alisema Ambrosi. "Nataka akose pa kukimbilia."

Daktari akampangusa mbwa ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba. Sampuli ikapelekwa maabara ya nje ya nchi, na majibu yalichukua muda hata Ambrosi akawa anapita kuulizia kila alipokwenda mjini. Yalipofika, daktari alimvutia kiti.

"Sumu hakuna. Ana ugonjwa wa damu kutoganda. Kaurithi kwa mama yake. Jike huubeba bila kuumwa, madume ndio hutokwa damu."

"Na yule wa kwanza? Mama yao ni mmoja."

"Sikumwona, siwezi kuapa. Sumu ya panya nayo hutoa damu vivyo hivyo. Alipokuwa mdogo, alipong'oka meno, hakuvuja damu sana?"

Ambrosi alisema hakumbuki.

Alikumbuka. Simba alivuja damu siku nzima kwa jino moja la utotoni, miezi mingi kabla ya habari ya panya. Aliyemshika kichwa na kumbana ufizi kwa kitambaa cha maji ya chumvi alikuwa Mama Festo.

Jioni ile hakumwita mbwa. Advera alimkuta akifunga sukari kwenye mfuko.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa Mama Festo. Nikamwombe radhi."

"Jikoni kwake?"

"Sasa wapi?"

"Ulimvunjia heshima barabarani, Baba Theodora."

Alikwenda jikoni hivyo hivyo, tena kwa njia ya nyuma. Mama Festo alikuwa akipepeta mahindi. Alimsikiliza bila kuuweka chini ungo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Sukari rudi nayo. Mimi sikuumizwa jikoni."

Asubuhi Ambrosi alisimama njia panda. Bodaboda mmoja, Valentino, alidhani ni abiria.

"Shikamoo mzee. Twende wapi?"

"Marahaba. Siendi popote. Jamani, mnamkumbuka mbwa wangu, Simba?"

"Yule aliyelishwa sumu?"

"Hakulishwa. Mama Festo nilimsingizia. Mbwa alikuwa na ugonjwa wa kurithi, ndugu yake kapimwa vinasaba, ameonekana nao."

Valentino akapiga mluzi. "Yaani mzee, mbwa kapimwa mpaka ng'ambo, mama wa watu hata kuulizwa hakuulizwa!"

Wakacheka. Ambrosi akacheka nao kidogo, kisha akajiona mjinga. Nusu ya vijana wale hawakuwapo siku ile ya kwanza. "Mama Festo yupi?" mmoja aliuliza. "Wa sumu ya nini?" Ikabidi Ambrosi aanze kuwasimulia upya, na wanawake waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza, na kila alivyozidi kumsafisha ndivyo jina lake na neno sumu yalivyozidi kukaa pamoja midomoni mwa watu. Alipogeuka alimwona Mama Festo mlangoni kwake. Alikuwa amesikia yote. Aliitikia kwa kichwa, mara moja, akaingia ndani.

Wiki ile hakutandika meza. Wala iliyofuata.

Ambrosi na Advera walijaribu kumbadilishia mbwa jina, wakamwita Bosi, hakuitika. Ambrosi akimtaka, huenda mpaka alipo, akamgusa mgongoni.

Mama Festo sasa yuko Ipole kwa dada yake, anafanya kibarua cha kufunga tumbaku. Nyumba yake ya Isevya ina mpangaji.