Chura wa Vichwa Viwili

Ieleweke, kwa heshima zote, kwamba mjomba nilimpa nafasi ya kutubu. Likizo nzima nilimkumbusha kuwa kazi zile ni za dada. Akanijibu, "Hiyo shule ya bweni imekufundisha mdomo tu."

Kazi zenyewe ni mapambo ya plasta: kaa mwenye pembe, samaki mwenye miguu, viumbe vya ajabu ambavyo dada huvitoa kwenye vitabu chakavu vya elimu ya wanyama. Dada anafinyanga, mjomba mwenye karakana anatia sahihi. Huja plasta ikiwa bado mbichi, akakilaza kiumbe kifudifudi juu ya gunia, akachora jina lake kitakoni kwa msumari, akaenda zake. Usoni haangalii.

Sasa mwenye hoteli alikuwa anakuja kutafuta fundi wa kumpambia ukumbi mzima. Dada aliitaka kazi hiyo mpaka akakosa usingizi.

"Atasema ni zake tena," akanung'unika.

"Mwache aseme. Wewe tengeneza chura wa vichwa viwili. Sura niachie mimi."

Nikamsimamia kama mhandisi. Kipara mpaka kisogoni. Kidevu juu ya kidevu. Pua pana, tundu moja kubwa kuliko mwenzake.

"Na masharubu?"

"Chura hana masharubu, dada. Tusimwonee."

Akacheka mpaka mwiko ukamdondoka. Mjomba akaja, akamlaza, akatia sahihi.

Siku ya mgeni alivaa suti. "Hii, mama, imetoka moyoni mwangu," akasema, akavuta kitambaa huku akimtazama mama wa hoteli.

Mama akamtazama chura. Akamtazama mjomba. Dereva wake akatoka nje kwenda kukohoa.

"Fundi, umejichonga mwenyewe? Mara mbili?"

Mjomba akageuka. Vinywa vyote vitatu vilikuwa wazi.

"Mjibu mgeni, mjomba," nikamhimiza kwa adabu.

"Si... hii si kazi yangu. Ni ya mpwa wangu huyu."

"Na yule kaa? Na samaki? Sahihi ni ile ile."

"Zote kazi zake."

Dada akapewa ukumbi. Mama akamuuliza kama angependa kumbadilisha chura sura kabla hajawekwa mlangoni.

Dada akamwangalia mjomba, hakuharakisha. "Abaki hivyo hivyo. Ila nitamtoboa, atoe maji mdomoni."

Mimi, kwa unyenyekevu, nilipendekeza puani.