Kompyuta Iliyokoroma

Kwa wiki tatu nzima Bi Cherehani aliimba wimbo mmoja: rahisi ghali. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa amenunua kompyuta ya mtumba, akaliweka kasha lake sakafuni kando ya meza ya kushonea, maana nyumba nzima haikuwa na kona nyingine yenye soketi, na sasa kasha lilikuwa likikoroma kama mzee aliyeshiba. Bi Cherehani, fundi nguo wa miaka thelathini, alishasema kwamba mtu hauzi kitu chake bila sababu. Aliyasema hayo asubuhi, akayarudia mchana, na usiku akalala nayo.

Shida ni kwamba kasha hilohilo ndilo mkwewe alilokuwa akitafutia kazi. Wachapishaji fulani walitaka mtu wa kurekodi hadithi kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Rekodi ya kwanza waliirudisha wakisema sauti ni nzuri, ila kuna mashine nyuma yake. Ya pili wakairudisha pia, safari hii wakiuliza kwa adabu kama anaishi kiwandani. Ya tatu ndiyo ya mwisho, na ilitakiwa iwafikie leo kabla ya saa sita mchana.

Mwanawe Bi Cherehani aliliinamia kasha dakika mbili kabla ya kwenda kazini, akatikisa kichwa kama daktari na kutoa hukumu: diski inakufa, mwisho wa mwezi tutatafuta nyingine. Kisha akaenda zake. Mkewe akabaki ameketi kwenye kigoda, maikrofoni mkononi, machozi yakimlengalenga. Saa nne ilikuwa inakaribia.

Bi Cherehani akaacha kushona. Mdomo wake ulikuwa mkali, hilo mtaa mzima ulilijua, lakini hakuna aliyewahi kumwona akiiacha mashine ilie bila kuiuliza inaumwa wapi.

"Nipe rula," alisema.

Tangu ujana wake alikuwa akiyatibu macherehani kwa rula ya mbao. Ncha moja unaigusisha kwenye chuma, ya pili unaiweka sikioni, na mbao inakuletea umbeya wote wa ndani. Wakafungua ubavu wa kasha kwa bisibisi ya cherehani, wakawasha, naye akapiga magoti. Diski ilikuwa ikihema taratibu kama mtoto aliyelala, na Bi Cherehani akasema mwanawe hajui kifo. Feni ya katikati ilivuma tu, haikuwa na neno. Alipoigusa fremu ya feni ya nyuma, rula ilimtetemesha hadi meno.

"Mchawi wako huyu hapa."

Wakazima, wakachomoa waya ukutani. Feni nzima ukiisukuma kwa kidole huzunguka yenyewe. Hii ilijivuta nusu duara ikagoma. Wakafungua skrubu nne, wakaitoa, wakaisugua vumbi kwa brashi ndogo. Mkwewe akageuka kutafuta kitambaa, na hapo ndipo Bi Cherehani alipouona. Nyuma ya mapanga, umejiviringisha shingoni mwa feni, ulikuwepo uzi wa zambarau.

Uzi wa zambarau katika nyumba ile ulikuwa mmoja tu, wa sare za kwaya alizozishona mwezi uliopita, huku akikata vipande na kuvipuliza sakafuni, kulekule lilikokaa kasha. Zile rahisi ghali zote zikampitia kichwani kwa foleni. Na kama leo kazi ingemponyoka mtoto wa watu, nani angekuwa amemponza? Akafanya jambo lisilomfaa mtu wa umri wake: akauopoa uzi wote kwa ncha ya sindano, akauvingirisha, akausukumiza ndani ya blauzi, kisha akajitia hamnazo.

"Vumbi tupu," alimwambia mkwewe alipogeuka.

Akabandua kijikaratasi cha katikati ya feni, akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani, akakirudisha. Wakafunga skrubu, wakachomeka waya ukutani, wakawasha. Kimya kikatanda. Walitazamana, wakashikana mikono wakacheza kuizunguka meza, Bi Cherehani na magoti yake ambayo tangu juzi aliyalalamikia kwamba hayakunjiki. Mzunguko wa tatu mkwewe akachungulia ndani ya kasha, akaona mapanga yamesimama tuli. Walikuwa wamesahau kuunganisha waya wa feni yenyewe.

"Mama, tumeshangilia maiti."

Walicheka hadi wakakaa chini. Wakazima, wakachomeka waya mahali pake, wakawasha tena, na safari hii feni ikazunguka kwa sauti ndogo, kama kitambaa kinachoteleza mezani.

Ilikuwa saa tano na nusu. Mkwewe akasogeza maikrofoni, akasoma, "Siku moja kobe alinunua kiatu kimoja," akainua macho kumtazama mama mkwe wake, akapasuka kicheko. Bi Cherehani akadhani ni ile maiti, naye akacheka. Wakaanza upya, kobe hakufika hata dukani. Dakika zilikuwa zinayoyoma. Mara ya tatu Bi Cherehani alijifukuza mwenyewe, akasimama ukumbini ameng'ata upindo wa sketi yake ya kazi.

Kupitia mlangoni aliisikia sauti ile kwa mara ya kwanza bila mkoromo. Kwa wiki tatu alikuwa akiwaambia majirani kwamba kujisemea peke yako chumbani si kazi. Sasa kobe alikuwa akihangaika na miguu minne na kiatu kimoja, na Bi Cherehani akamwonea huruma hadi upindo ukamtoka mdomoni.

Rekodi iliondoka saa sita kasoro dakika nne. Saa kumi likaja jibu: wanampa vitabu sita, na wanampongeza kwa kuhama kiwandani.

Jioni mezani mwanawe akauliza habari za diski.

"Vumbi tupu," mkewe alijibu kwa uso mkavu, macho yake kwenye blauzi ya mama mkwe.

Bi Cherehani akayafuata macho yale. Ukosini mwake ulining'inia mkia wa uzi wa zambarau, urefu wa kidole, na hapo ndipo ulipokuwa tangu asubuhi. Kumbe kilichomchekesha mkwewe hakikuwa feni. Alijua mchana kutwa, angeweza kumrudishia wiki tatu zote kwa mkupuo mmoja, na alikuwa amechagua kumstahi.

Akauvuta uzi. Ukaja, ukazidi kuja, kijiko cha mwanawe kikakwama hewani. Akaulaza kando ya sahani yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Uzi ni wangu. Kompyuta haikuwa na kosa, wala aliyeinunua. Na wewe, kesho kabla ya kazi utanibebea cherehani ulipeleke sebuleni. Kile ni chumba cha kazi cha mke wako."

Mkwewe alijikaza kidogo, akashindwa, akalaza kichwa mezani mabega yakimtikisika, na Bi Cherehani akamfuata. Mwanawe aliuliza tena habari za diski, lakini hakuna aliyekuwa na pumzi ya kumjibu.