Bango la Maua

Wenzangu walikuja kwenye lango la gereza na mabango ya maneno matatu: MSIMNYONGE FUNDI VIATU. Mimi mshonaji nikaona hayo makavu mno. Nikatarizi kesi nzima kwenye shuka, na pembeni nikazungushia maua. Herufi zikawa ndogo kama mayai ya chawa. Hata mimi sizisomi bila miwani.

“Shoga, hilo bango au foronya?” mama yake fundi akanitania. Mwanawe alikuwa anyongwe Ijumaa, na bado alipata nguvu ya kunicheka.

Askari wa lango akasogea, pua karibu iguse kitambaa, akasoma kwa sauti. Mwandishi wa habari akamwekea kinasa sauti mdomoni.

“Bibi, hapa umekosea,” askari akaniambia. “Umeandika wakili wake alisinzia. Hakupewa wakili kabisa! Mimi ndiye niliyemsimamisha kizimbani.”

Maua yote yale, halafu nimekosea kesi yenyewe.

“Baba, utayarudia hayo mbele ya majaji wa rufaa?” mama mtu akauliza. Sasa hakucheka.

Askari akatazama lango, kisha kinasa sauti.

“Nitayarudia, mama.”

Nikaketi palepale, nikaanza kumfumua wakili.