Foleni ya Madumu

Daftari la Loyce lilikuwa limefungwa kwa kamba ya mgomba. Mwalimu Ghati hakuikata. Alilifungua fundo kwa kucha, taratibu. Ndani mlikuwa na programu kumi na moja, zote kwa penseli, na hakuna hata moja iliyowahi kuingia kwenye kompyuta. Shuleni kwao Kibondo Loyce alijifunza kwa kitabu cha kuazima, akautembeza kila mstari kwa kidole, yeye mwenyewe akiwa ndiye mashine.

Leo, katika chuo hiki cha Kasulu, ilimpasa achague. Kozi ya kwanza ya programu ilikuwa ya wasiowahi kuandika chochote. Ya pili iliokoa muhula mzima, ila anayeanguka humo hupoteza nafasi yake chuoni. Fomu iliuliza: umewahi kuandika programu?

"Weka ndiyo," Brighton, aliyesoma naye Kibondo, alikuwa amemnong'oneza. "Ya kwanza ni ya kufundishwa kushika kipanya. Utakaa na watu wanaoogopa swichi, dada?"

Akaweka ndiyo. Ndipo mwalimu, mwenyeji wa Tarime, akataka kuona.

Ukurasa wa tisa ulimsimamisha. "Hii nini?"

"Foleni ya bombani, mwalimu. Kwetu mtu hupanga dumu lake akaenda zake shambani. Akija mzee, dumu lake linawekwa mbele. Programu inataja zamu ya nani."

"Uliijaribu?"

"Kwa mawe sita. Mzee alikuwa mmoja. Ilikubali."

"Tuongeze wazee."

Mwalimu akapanga vifuniko vya kalamu mezani. Kila kimoja kilipotoka, alileta mzee mwingine, akamweka mbele. Kifuniko cha mwisho hakikusogea.

"Na huyu? Yupo tangu asubuhi."

Loyce alikigusa kwa kidole. "Huyo hateki."

"Kesho je?"

"Hata kesho kutwa, wazee wakizidi kuja."

"Umemuua mtoto wa watu kwa kiu!" Brighton akaangua kicheko.

Bombani hakuna aliyewahi kukosa maji. Mama Niyubahwe, mlinzi wa bomba, wakishapita wazee watatu hupaza sauti: sasa mtoto ateke! Hakuna aliyeihesabu sauti ile kuwa kanuni. Loyce hakuiandika, lakini kila alipoifuata programu, kidole chake kiliijaza chenyewe.

"Kosa la namna hii halifanywi na mtu asiyejua kitu," alisema mwalimu. "Kozi ya pili sikukatazi."

"Kompyuta ingeniambia, mwalimu?"

"Ingekuambia nini? Ingeendelea kuita wazee."

"Basi nimekuwa nikikiandikia kidole changu, si mashine." Loyce akalikata lile ndiyo kwenye fomu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika hapana.

"Shauri yako," Brighton akaguna.

Jumatatu aliketi mbele ya kompyuta, kati ya mama mmoja mtu mzima na kijana aliyeficha mikono mapajani. Herufi za kibodi zilikuwa zimetawanywa ovyo. A huku, B kule. Alitafuta moja moja kwa kidole, akamaliza mstari, akauamuru uende. Maandishi mekundu ya makosa yakajaa kwenye skrini.

Loyce akavuta kiti karibu.