Sekunde Kumi na Moja za Na-rim

Katika albamu nzima ya nyimbo kumi, Na-rim alikuwa na sekunde kumi na moja tu za kuimba peke yake, na siku ya kuzirekodi mama yake akatokea studio na supu ya mwani.

Siku hiyo Na-rim alikuwa anatimiza miaka ishirini na mmoja. Mama alipanda basi la alfajiri kutoka Gunsan, kakumbatia chupa kubwa ya chai iliyojaa supu kama mtu aliyebeba kichanga. Kupitisha siku ya kuzaliwa bila supu ya mwani ni kumtukana aliyekuzaa. Lakini mwani unateleza, na mwenye mtihani haugusi, asije akateleza naye. Kila mtu Seoul anajua hivyo. Asiyejua ameshafeli, na mpaka leo anajiuliza kwa nini.

"Mama, nitakunywa jioni."

"Jioni itakuwa maji ya kuoshea vyombo. Kunywa sasa."

"Nikiteleza je?"

"Mimi nilikunywa wiki tatu nzima baada ya kukuzaa. Niliteleza wapi?"

"Si uliolewa na baba?"

"Huyo nilimpata kabla ya supu."

Mtayarishaji Maeng akachungulia mlangoni, pua mbele. Tangu asubuhi alikuwa akiwalisha wasichana wote watano wa kundi la Podo pipi za kunata, ili albamu yao ya kwanza ya Kijapani ikawanate Wajapani.

"Nani kaleta mwani humu?" alifoka. "Tokyo wanataka kazi saa saba mchana. Na-rim, ukivuruga, sehemu yako anaimba Dan-bi."

Dan-bi, mdogo kuliko wote, tayari alikuwa na sekunde tisini na mbili zake.

"Nimeishika kichwani, dada," alisema kwa upole. "Lakini siitamani hata kidogo."

"Mwongo wewe. Jana nimekusikia bafuni."

Hye-ju, kiongozi wa kundi, akaingilia kati. "Jamani, supu inateleza, pipi inanata. Kijiko kimoja, pipi moja. Vinakatana."

Maeng alifumba macho, akafikiri kama hakimu. "Pipi mbili," akaamua. "Mwani wa Gunsan una nguvu."

Basi Na-rim akakaa kwenye korido, kijiko mkono huu, pipi mkono ule, mama akisimamia. Harufu ikamtoa Bi Kuramochi, mama wa Osaka aliyeandika maneno ya nyimbo na kuletwa kuwasahihisha matamshi ya Kijapani. Akaomba bakuli, akamaliza, akaomba jingine.

"Kwetu mwani tunakunywa kila asubuhi," alisema.

"Hata siku ya mtihani?" Maeng aliuliza.

"Siku ya mtihani ndiyo hasa."

Maeng akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa ambaye hajaambiwa.

Vijiko kumi na viwili, pipi ishirini na nne. Na-rim aliingia chumba cha kurekodia taya zimegandana kama mlango uliopakwa rangi ukafungwa kabla haujakauka. Muziki ukaanza. Zamu yake ikafika. Akajivuta, akafumbua mdomo kwa nguvu zote apande ile sauti ya juu, na pipi ikaondoka na jino la mbele, lile la bandia aliloliweka baada ya kuanguka kwenye mazoezi ya dansi. Likagonga kioo, ti!

Hye-ju akapiga yowe. Na-rim hakusimama. Aliimba mpaka mwisho, akarudia mara tano, na kila neno lilitoka na mluzi kama birika.

"Na-rim," Bi Kuramochi alisema taratibu, "sauti nzuri mno. Ila sielewi hata neno moja, na mimi ndiye niliyeyaandika."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Dan-bi alishavaa visikizio.

Na-rim aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na minne. Miaka saba alifanya mazoezi kwa ajili ya sekunde hizo, na miezi mitatu alilala na karatasi ya maneno yale chini ya mto. Muziki ulipoanza tena alibana midomo asilie, akaimba hivyohivyo, mdomo umefumbwa, mmm, mmm, mpaka juu kabisa.

Maeng akanyanyua mkono, mtu asiguse mitambo.

"Hiyo tuibakishe," Bi Kuramochi alisema. "Lakini mwishoni maneno lazima yasikike. Jina la wimbo linatajwa pale."

Maeng akatazama saa, kisha akamtazama Dan-bi.

"Samahani, dada," Dan-bi alisema, tayari yuko mbele ya maikrofoni.

Kwenye korido mama alikuwa anakung'uta chupa yake tupu. "Mmeona?" aliwaambia wote. "Kateleza wapi?"

Siku hiyo ilimgharimu Na-rim jino moja la mbele, siku tatu za kunywa uji, maneno tisa ya Kijapani, yote aliyokuwa nayo, na sekunde nne zilizokwenda kwa Dan-bi. Zikabaki saba, zote za mdomo uliofumbwa.