Rufaa ya Mistari ya Chai

Bosibori alifika ofisini kwa Wakili Rodah, mjini Kericho, na kichane cha ndizi pamoja na malalamiko mazito kuliko ndizi.

Alikuwa ameshindwa kesi. Hakimu alisema mistari ya chai iliyo mpakani, kule Sosiot, ni ya jirani yake Omariba. Mistari ambayo Bosibori aliipanda kwa mikono yake! Hadi rufaa iishe, aliruhusiwa kuendelea kuichuma.

"Makori, andika," alimwambia mpwa wake, karani wa ofisi hiyo. "Omariba alidanganya. Bibi yake alidanganya. Na tena siku hizi hanisalimii."

"Anti, hiyo ya salamu tuipeleke Mahakama ya Upeo."

"Nitakuchapa na hiyo kompyuta!"

Makori akamgeuzia kompyuta yenyewe. Wakili alikuwa amemtuma akusanye hukumu za rufaa za mashamba kutoka mtandaoni, azipange: nani alilalamikia nini, nani alishinda.

"Hawa walisema shahidi ni mwongo. Karibu wote walianguka."

"Kwa nini?"

"Jaji wa rufaa hakumwona shahidi akijikuna kichwa. Hakimu ndiye alimwona, kwa hivyo anamwachia. Lakini hawa hapa walisema hakimu aliruka kitu. Wengi walipona."

"Wangu aliruka nini?"

Makori akaacha mzaha. "Uliomba aje aone shamba. Hakuja, wala hakusema kwa nini."

Bosibori akalifikiria shamba lile. Chai yake yeye huipogoa kwa wakati, inamfika kiunoni. Ya Omariba, anayepogoa akikumbuka, inafika kifuani. Mwenye macho akisimama pale anauona mpaka.

"Na uongo wa Omariba?"

"Tunaufuta."

"Kompyuta yako ina uhakika?"

"Haina. Inajua tu mahali wenzako walitelezea."

Bosibori alimenya ndizi, akaila yote polepole. "Haya. Futa."

Rufaa iliposikizwa, jaji hakumpa ile mistari. Aliagiza kesi isikizwe upya, na hakimu mwingine afike shambani.

Siku ilipofika, hakimu alisimama kwenye matope, akamwambia Bosibori apite katikati ya mistari ile. Majani yakamfika kiunoni, sawa na upande wake. Hatua moja mbele, yakampanda kifuani.

Hakimu akamgeukia Omariba. "Hii chai ya kiunoni huipogoa nani?"

Omariba akatazama gambuti zake miguuni. "Ni huyu mama," akasema, halafu kwa sauti ndogo, "Habari ya asubuhi, Bosibori."

Makori akamwinamia shangazi yake. "Anti, hata ile ya salamu imepita."