Maji Upande wa Kushoto

Agosti 1997 nilipanda boda boda ya baiskeli kwenda Nkoma, mtaa wa Mbale, nimekumbatia picha ya futi nne, upepo ukinivuta huku na mwendeshaji akinilaani kule, nami nacheka peke yangu. Mtu mzima, mchoraji wa Mafubira kule Jinja, nahangaika kwa sababu ya askari mmoja wa magereza.

Askari huyo ni Timothy. Alipokuwa kazini Jinja tulipendana miaka miwili, kimya kimya, kisha akahamishiwa kwao Mbale na barua zikakoma. Nikamchora. Si uso, sina wazimu. Nilichora kilima cha Wanale, kinachoinuka juu ya Mbale, kwa umbo la mabega yake yakionekana kutoka nyuma, na kovu la bega lake la kushoto nikaligeuza maporomoko ya maji. Nikamwandikia: njoo kwenye maonyesho yangu Nkoma; ukijitambua, sema neno. Ukinyamaza, narudi Jinja na sikusumbui tena.

Nilisahau kwamba Wagisu, wenyeji wa Mbale, wanakijua kilima chao kuliko mifuko ya suruali zao.

Mzee Alfayo, mgeni rasmi, alifika mbele ya picha akagoma. "Bwana Isabirye, hii kilima si yetu," akasema. Akaeleza kwamba siku ya kutahiriwa alisimama uwanjani akikikodolea macho tangu kisu kilipoanza hadi kilipomaliza, na maji yalikuwa kulia. Wanaume wote wakamuunga mkono: kila mmoja alisimama, kila mmoja hakupepesa, kila mmoja aliyaona maji kulia. Nilijua nimekwisha.

Timothy alikuwa mlangoni, sare imenyooshwa pasi. Aliitazama picha kwa muda mrefu, hadi nikaona mashavu yakianza kumcheza.

"Mzee, maji iko kushoto," akasema. "Hata mimi nilisimama."

Alfayo akamgeukia. "Ulisimama, ukaona kushoto? Basi wewe, afande, ulifumba macho."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kwao hakuna tusi zito kuliko hilo kwa mwanamume, kwamba aliogopa kisu. Watu wamevunjana meno kwa dogo zaidi. Nikaogopa kumtazama.

"Labda nilifumba, mzee," Timothy akajibu, akicheka kuliko wote, huku akijikuna bega la kushoto.

Nikakalia kiti cha mgeni rasmi, nami nikacheka, safari hii si peke yangu.